Deni la Muda: Shajara ya Joho la Lenzi Nne

Siku ya 1

Leo kazi imeanza. Nataka kujenga kifaa cha mezani ambacho mtu akichungulia ndani yake anaona kilicho upande wa pili, huku kitu kilichowekwa ndani ya kifaa hakionekani. Hakuna kamera wala skrini. Ni lenzi nne za kawaida zilizopangwa kwenye mstari mmoja kwa umbali uliokokotolewa. Njia hii waliieleza Joseph Choi na John Howell wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 2014, na fomula yake wakaiweka hadharani ili kila mwenye lenzi aijaribu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika swali moja: kuna tofauti gani kati ya pazia na joho la kutoonekana? Pazia linaficha, lakini lenyewe linaonekana. Joho lina kazi mbili. Kwanza, mwanga usikiguse kilichofichwa. Pili, mwanga huo ukishapita utoke kwenye njia ileile ambayo ungekuwa nayo kama pale pangekuwa patupu. Nahisi kazi ya pili ndiyo nzito.

Siku ya 3

Nimetumia siku mbili kusoma kabla ya kugusa kioo chochote, na sijutii.

Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alilieleza jambo la msingi katika karne ya 17: mwanga ukitoka nukta moja kwenda nyingine hufuata njia ya muda mfupi, hata kama si njia fupi kwa kupima kwa rula. Ndiyo maana tunaona mazigazi. Hewa iliyo karibu na ardhi yenye joto ni nyepesi, mwanga hupita humo kwa kasi kubwa kidogo kuliko juu, basi mwale unaoshuka kutoka angani hupinda na kupanda tena hadi machoni. Tunadhani tumeona maji, kumbe tumeona kipande cha anga kimelala barabarani.

Sasa fikiria unaweza kupanga kasi ya mwanga kila mahali upendavyo. Ungeuongoza mwanga ukizunguke kitu kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe, kisha yakakutana mbele yake bila alama. Wazo hilo lilipewa hesabu kamili mwaka 2006, katika makala mbili zilizotoka pamoja: moja ya John Pendry, David Schurig na David Smith, nyingine ya Ulf Leonhardt. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakajenga joho la kwanza. Lilikuwa pete kumi, moja ndani ya nyingine, kila moja imechapwa vijipete vya shaba vilivyokatwa upande mmoja. Katikati waliweka silinda ya shaba yenye kipenyo cha sm 5. Mawimbi ya maikro yenye masafa ya GHz 8.5 (yaani mitetemo bilioni 8.5 kwa sekunde) yalizunguka silinda na kuungana upande wa pili. Hayakuungana kikamilifu, kivuli kidogo kilibaki, lakini kilikuwa kidogo kuliko bila joho.

Vijipete vile ndivyo siri yenyewe. Shaba kama shaba haiwezi kufanya hivyo. Kinachofanya kazi ni umbo lake. Wimbi la GHz 8.5 lina urefu wa karibu mm 35, na vijipete ni vidogo sana mbele yake, kwa hiyo wimbi halioni pete moja moja, linaona mata moja laini yenye tabia ambayo haipo kiasili. Ukitaka kufanya hivyo kwa mwanga tunaouona, wenye mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), vijipete vishuke hadi makumi ya nanomita, na kwa udogo huo metali huanza kuumeza mwanga wenyewe.

Lakini kilichonizuia kulala ni jambo jingine. Njia ya kuzunguka ni ndefu kuliko njia iliyonyooka. Kama wimbi linalozunguka litachelewa, mtu wa mbele atajua. Ili lisichelewe lazima liende haraka kuliko jirani yake aliyenyooka. Na kama jirani huyo anapita kwenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hata hewa, tayari anakwenda kwa kasi ya juu kabisa iliyopo. Vilele vya wimbi la masafa mamoja vinaweza kuonekana vikienda kasi kuliko hapo, na hakuna sheria inayovunjika, kwa sababu wimbi lisilobadilika halibebi habari. Ila mwanga wa kawaida, wenye rangi zote na unaobadilika kila wakati, hauwezi kulipa deni hilo. Nimeliita deni la muda. Nitalirudia mara nyingi humu.

Siku ya 4

Lenzi zimefika. Mbili zina umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi inapokusanya mwanga wa mbali) wa mm 200, mbili mm 75, zote kipenyo mm 50. Nimezipima zote kwa kukusanya taswira ya dirisha la mbali kwenye karatasi. Hazitofautiani na maandishi ya kiwandani kwa zaidi ya mm 1 au 2.

Siku ya 6

Nimechonga mfuo kwenye ubao wa mita moja na nusu, na vishikio vinne vinavyoteleza humo. Kamera iko juu ya stendi ya miguu mitatu, mita 3 mbele ya lenzi ya kwanza. Karatasi ya miraba iko mita 2 nyuma ya lenzi ya mwisho.

Mpangilio ni huu: 200, 75, 75, 200. Lenzi ya kwanza na ya pili zimeachana mm 275, yaani jumla ya fokasi zao. Jozi ya pili ni hivyohivyo, imegeuzwa. Jozi ya kwanza inaubana mwanga na kuipindua taswira, ya pili inaupanua na kuisimamisha tena.

Kati ya jozi na jozi niliweka mm 150, mara mbili ya 75, kwa sababu ndivyo inavyoonekana kwenye michoro mingi ya darubini. Taswira ilisimama wima. Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikaona kwamba miraba ndani ya lenzi ni mikubwa kuliko ya nje kwa karibu robo, na nikisogeza kamera pembeni, mistari ya ndani inateleza kuliko ya nje.

Hii si kutoonekana. Lenzi zinajitangaza. Mtu yeyote angesema kuna kioo pale.

Siku ya 7

Leo sikugusa ubao. Nimekaa na hesabu tu, na imekuwa siku nzuri kuliko zote hadi sasa.

Kila mwale unaelezwa kwa namba mbili: uko umbali gani kutoka kwenye mhimili (mstari unaopita katikati ya lenzi zote), na umeinama kiasi gani. Lenzi inabadilisha mwinamo. Nafasi tupu inabadilisha umbali. Ukifuata namba hizo mbili kupitia lenzi zote nne, unapata kile ambacho mfumo mzima unaufanyia mwale. Nafasi tupu yenye urefu L ina tabia nyepesi sana: mwinamo unabaki uleule, na umbali unaongezeka kwa L mara mwinamo. Basi sharti la joho ni kwamba lenzi nne na nafasi zake zote ziutendee mwale sawasawa na nafasi tupu yenye urefu uleule.

Kwa mm 150 nilizoweka, mfumo wangu wa mm 700 ulikuwa unajifanya nafasi yenye urefu wa hasi mm 400. Yaani karatasi ya miraba ilionekana imesogea mbele mita 1.1. Kutoka mita 5.7 hadi 4.6: miraba inakuwa mikubwa mara 1.24. Ndiyo ile robo niliyoiona jana! Hesabu imeeleza kosa langu hadi tarakimu ya mwisho, nami nimeiamini.

Umbali sahihi wa katikati, ukiziita fokasi f1 na f2, ni 2 × f2 × (f1 + f2) ÷ (f1 − f2). Kwa lenzi zangu: 2 × 75 × 275 ÷ 125 = mm 330. Mfumo wote unakuwa mm 880.

Jambo la kuangalia: nikikosea f2 kwa mm 1 tu, nikaiweka 76, jibu linaruka hadi mm 338. Kosa dogo linazaa kosa mara nane. Na umbali haupimwi kutoka kwenye uso wa kioo, unapimwa kutoka ndani yake, mahali ambapo lenzi nene inafanya kazi kana kwamba ni nyembamba. Hilo nilikuwa nalipuuza.

Siku ya 8

Mm 330, kisha kusogeza kidogokidogo huku nikitazama. Kwenye mm 333 mistari ya miraba ndani ya lenzi ikaungana na ya nje. Mlalo na mlalo, wima na wima. Nikasogeza kamera kushoto: ya ndani na ya nje vikasogea pamoja. Niliita nyumba nzima waje kuona.

Siku ya 9

Sasa mwanga umekubali kurudi kwenye njia yake. Je, kitu cha kuficha kiwekwe wapi?

Watu wengi wakisikia joho wanafikiria kitu kitawekwa katikati kabisa. Hapa ni kinyume. Mwanga unapita katikati, kwenye uzi mwembamba wa mhimili, na kinachofichwa kinakaa pembeni, kama tundu la donati na nyama yake. Kamera ikiwa mita 3, miale yote inayoelekea kwenye jicho lake inakutana nukta moja, mm 214 nyuma ya lenzi ya kwanza. Pale ndipo mwanga unapobanwa kuliko kwingine, hivyo ndipo nafasi ya maficho ilipo kubwa.

Nilikata karatasi ngumu nyeusi, nikaitoboa tundu la mm 10, nikaisimamisha hapo. Karatasi hiyo inaziba asilimia 96 ya eneo la lenzi. Kwenye picha miraba haikubadilika. Mwangaza haukupungua hata kidogo. Niliiondoa na kuirudisha mara kumi ili niamini.

Kisha mdogo wangu akapitisha vidole vinne hapohapo, pembeni mwa mhimili. Vidole vikatoweka ndani ya duara la lenzi, kiganja kikabaki nje. Alipofikisha kidole cha kati kwenye mhimili, doa jeusi likatokea likafunika karibu taswira yote.

Akaniuliza, "Dada, sasa kama ningekuwa mimi mzima humo ndani, ningekuona?"

Nimelifikiria swali lake jioni yote. Kwenye lenzi hizi, ndiyo, kwa ubavuni, kwa sababu ubavuni hakuna joho. Lakini kwenye joho kamili la hesabu za mwaka 2006, lile linalozungusha mwanga pande zote, hapana. Kama hakuna mwanga unaomfikia, hakuna kinachoingia machoni mwake. Aliyefichwa kikamilifu yuko gizani. Akitaka kuona lazima achote mwanga kidogo, na mwanga aliouchota utakosekana upande wa pili. Mwaka 2009 Andrea Alù na Nader Engheta walionyesha kwa hesabu kwamba kihisi kinaweza kufunikwa kwa namna ya kupokea ishara huku kivuli chake kikipungua sana. Kupungua, si kuisha.

Siku ya 12

Rangi. Ukingoni mwa taswira kuna utepe wa buluu na wekundu. Lenzi zangu ni kioo kimoja kimoja, na kioo hupinda buluu kuliko nyekundu. Kwa lenzi ya mm 200, fokasi za rangi hizo mbili zinapishana kama mm 3. Nimeagiza lenzi pacha, zilizogandishwa kwa vioo viwili vya aina tofauti ili kosa la kimoja lifute la kingine.

Siku ya 19

Lenzi pacha zimefungwa. Utepe umefifia sana. Taswira ni safi.

Hata hivyo naandika hapa ili mtu asije akadhani nimemaliza deni la muda. Sijalimaliza, nimelikwepa. Kioo kinachelewesha mwanga: kila mm 1 ya kioo ni kama mm 1.5 ya hewa. Mwanga unaotoka kwenye lenzi zangu una mwelekeo sahihi na mahali sahihi, lakini umechelewa nyuma ya ule uliopita nje. Jicho haliwezi kulijua hilo. Kifaa kinacholinganisha vilele vya mawimbi kingenikamata mara moja. Choi na Howell waliita kazi yao kuficha kwa miale, wala si kwa mawimbi, na nimeielewa heshima iliyomo katika jina hilo: linasema kilichofanyika, halizidishi.

Siku ya 21

Mvua ya maswali kutoka kwa wanaofuatilia mradi, na karibu yote ni swali moja: lini tutavaa? Najibu kwa urefu, kwa sababu nimebadilika msimamo tangu siku ya kwanza.

Nimepitia majaribio makubwa ninayoyajua nikiwa na kipimo kimoja mkononi: deni la muda ni kubwa kiasi gani hapa, na limelipwa vipi? Picha iliyojitokeza imenishangaza kwa unyoofu wake.

Joho jembamba la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, la mwaka 2015, lenye unene wa nanomita 80 na vijitofali vya dhahabu, lilifunika kitu cha ukubwa wa seli chache na kukifanya kionekane kama kioo bapa cha kujitazamia. Ni kazi ya ajabu. Lakini lilipangwa kwa mwanga wa nanomita 730. Kila mlima na bonde la kitu lilihitaji vijitofali vyake, na kitu kikijikunja, mpango wote umeharibika. Nguo hujikunja.

Koti la Susumu Tachi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, lililojulikana sana mwaka 2003, halipindi mwanga kabisa. Kamera inapiga picha ya nyuma, projekta inairusha kwenye kitambaa kinachorudisha mwanga kulekule ulikotoka, na mtazamaji aliye mahali pamoja anaona kana kwamba mwili ni kioo. Kwa kuvaa mitaani halifai. Kwa dereva anayetaka kuona kupitia nguzo ya gari lake, au daktari wa upasuaji ambaye mikono yake inamziba asione anachokata, linafaa sana, kwa sababu mtazamaji ni mmoja na mahali pake panajulikana. Lenzi zangu nne zina tabia hiyohiyo.

Kisha kuna mawimbi yasiyo mwanga, na hapa ndipo moyo wangu ulipohamia. Sauti hewani inakwenda mita 343 kwa sekunde. Hakuna sheria inayoikataza kwenda kasi zaidi ndani ya kitu kingine. Deni lipo, lakini linalipika. Mwaka 2014 kundi la Steven Cummer, Duke tena, lilijenga piramidi ya mabamba ya plastiki yenye matundu; ukiiweka juu ya kitu kilicho mezani, sauti inarudi kana kwamba meza ni tupu. Plastiki na matundu! Mtu anaweza kuzishika kwa mkono. Ukumbi wenye nguzo zinazoharibu sauti unaweza kunufaika na wazo hilo kabla ya mtu yeyote kuvaa joho la mwanga.

Mitetemo ya ardhi nayo ni mawimbi. Mwaka 2012 karibu na Grenoble, Ufaransa, walichimba visima vya mita 5 kwa safu na kutikisa ardhi mara 50 kwa sekunde. Nguvu nyingi ya mtetemo ilirudishwa na safu za kwanza. Sikubaliani na wanaoliita jaribio hilo joho. Lilikuwa ukuta: mtetemo haukuzunguka, ulirudishwa ulikotoka, na ukuta wa namna hiyo ukiilinda nyumba moja unaweza kuisukumia jirani mtetemo. Matetemeko halisi nayo yana mawimbi marefu zaidi. Lakini njia imefunguliwa, na ni njia ninayoitakia mema kuliko zote.

Ninalolipenda zaidi ni dogo. Seli ya sola ina vidole vya metali juu yake vya kukusanya umeme, na vidole hivyo vinaweza kuziba hadi sehemu moja ya kumi ya uso wake. Mwaka 2015 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha namna ya kuufinyanga uso wa plastiki juu ya vidole ili mwanga uliokuwa unaviangukia uelekezwe pembeni, kwenye seli. Vidole havionekani na mwanga. Hapa deni la muda halina maana yoyote: mwanga ukishafika kwenye seli hakuna anayeuliza umechelewa kiasi gani.

Antena ni hivyohivyo. Mlingoti uliosimama mbele ya antena unaitia kivuli, na antena hufanya kazi kwenye masafa yanayojulikana, kwa hiyo joho la masafa membamba linatosha kabisa. Udhaifu wa joho la nguo hapo si udhaifu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mliouliza: matumizi yapo, na yapo pale ambapo wimbi ni la polepole, au masafa ni membamba, au mtazamaji ni mmoja, au muda haupimwi. Mtu anayetembea mchana akitazamwa na macho ya kila upande amekosa yote manne.

Siku ya 24

Vipimo vya pembe. Kamera mita 3, tundu la mm 10. Taswira inabaki hadi kamera isogee sm 7 kutoka mhimilini, kama nyuzi 1.3, halafu karatasi nyeusi inaingia na kuifunika. Hesabu ilisema sm 7. Nimefurahi.

Nikapanua tundu hadi mm 20. Karatasi sasa inaruhusu sm 14, nyuzi 2.7, lakini taswira imebaki kipande chembamba upande mmoja, kwa sababu lenzi ya mwisho iko mm 880 nyuma ya ya kwanza, na mwale ulioinama hivyo unaikosa. Kwa kipenyo cha mm 50, zaidi ya nyuzi 3.2 hakuna mwale unaopita kabisa, hata tundu liwe kubwa namna gani.

Njia ya kutoka ni kufupisha kila kitu kwa nusu: fokasi za mm 100 na 37.5, mfumo wa mm 440, pembe mara mbili. Ila hapo lenzi zinakuwa nene na zimevimba, na hesabu yangu yote ya siku ya 7 imesimama juu ya miale iliyoinama kidogo tu. Nimeagiza lenzi za 100 na 40, zilizo karibu na hizo. Umbali wa katikati utakuwa mm 187. Ubao nimeshaupiga alama.